Kutengeneza Vinara vya Mishumaa kwa Njia ya Raku Kando ya Ziwa Victoria

Raku ni njia ya ufinyanzi ambayo chombo hutolewa tanurini kikiwa bado chekundu kwa moto, katika joto la kati ya nyuzi 900 na 1000 za Selsiasi, kisha huwekwa ndani ya pipa lenye vumbi la mbao au majani makavu na kufunikwa ili moshi ufanye kazi yake. Chombo kinachotokana na njia hii huwa na vinyweleo vingi, hupitisha maji, na glezi yake, yaani lile tabaka la kioo linalong'aa juu ya udongo, huwa imejaa nyufa ndogo ndogo. Kwa hiyo hakifai kunywea chai wala kupakulia mchuzi, hata kikipendeza namna gani. Kinara cha mshumaa hakina shida hiyo. Hakiwekwi maji, hakigusani na chakula, na nyufa zile zile zinazokiharibia kikombe sifa ndizo zinazokipa kinara uzuri wake mwanga unapokiangukia. Ndiyo maana ninamshauri mtu anayeanza raku aanze na vinara, na asiwe na haraka ya kuviacha.

Maelekezo haya yamekusudiwa mtu anayeishi Mwanza au kwingineko katika mwambao wa ziwa, ambaye hana duka la vifaa vya ufinyanzi karibu naye, lakini amezungukwa na udongo, pumba za mpunga, vumbi la mbao na mafundi wa kuchomelea vyuma.

Udongo

Wanaotazama raku kwa mara ya kwanza huvutiwa na moto, moshi na koleo refu, wakadhani kuwa ufundi wote uko hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pepesi kuliko pote. Chombo kinachotoka kwenye nyuzi 950 na kukutana ghafla na hewa ya asubuhi hupata mshtuko ambao udongo laini wa kawaida hauwezi kuuhimili, na kikipasuka, sababu yake mara nyingi iko nyuma, siku ile udongo ulipochimbwa na kukandwa.

Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata viatuni wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, waachiwe wakulima wa mpunga na pamba. Huvimba unapolowa na husinyaa kupita kiasi unapokauka, na mara nyingi huwa na vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo, baada ya kuchomwa, hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kubandua kipande cha chombo siku au wiki kadhaa baadaye, pengine chombo kikiwa tayari mezani kwa mteja. Udongo unaofaa ni ule wa kijivu au wa kahawia unaopatikana chini ya udongo wa juu katika mabonde na kandokando ya vijito. Njia ya mkato ya kuupata ni kuwauliza akina mama wanaofinyanga vyungu na mitungi, kwa kuwa wao wanajua ni shimo lipi linalotoa udongo unaostahimili moto; ukibisha hodi kwa adabu na kununua debe moja kwao badala ya kwenda kujichimbia, utapata pamoja na udongo huo maelezo ambayo hayapatikani penginepo.

Hata hivyo, upime mwenyewe. Chukua donge lenye unyevu, lisukume kati ya viganja mpaka liwe uzi wenye unene wa kidole kidogo, kisha uzungushe uzi huo kwenye kidole gumba. Ukizunguka bila kukatika, udongo una mnato wa kutosha. Ukionyesha mipasuko michache upande wa nje, bado unatumika. Ukikatika vipande, una mchanga mwingi na utakusumbua. Kisha ponda kipande kikavu, kitandaze kwenye kisahani na ukamulie ndimu. Ukiona vipovu vikitoka na kusikia mchemko hafifu, kuna chokaa, na udongo huo usiutumie.

Udongo uliofaulu uanikwe hadi ukauke kabisa, upondwe, ulowekwe katika ndoo kwa siku mbili au tatu, ukorogwe, kisha uchujwe kwa wavu wa madirishani wa kuzuia mbu ili mizizi na kokoto zibaki juu. Uache utuame, mwaga maji yaliyojitenga, na uji mzito uliobaki umimine juu ya shuka kuukuu lililotandikwa kwenye matofali makavu, ambayo yatanyonya maji yaliyozidi.

Sasa inakuja hatua ambayo haina mbadala. Udongo wa raku lazima uchanganywe na chenga za udongo uliokwisha kuchomwa, yaani vigae vya vyungu vilivyovunjika au matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, vikapondwa kinuni na kuchekechwa kwa wavu ule ule wa mbu. Chenga hizo hazisinyai tena, na hufungua nafasi ambazo mvuke hupitia na ambazo nyufa zikifika husimama. Kipimo cha kuanzia ni robo ya mchanganyiko mzima: vikombe vitatu vya udongo mkavu kwa kikombe kimoja cha chenga. Mtu anaweza kushawishika kutumia mchanga badala ya kuhangaika na kinu, hasa kwa kuwa Mwanza imejengwa juu ya mawe ya matale na mchanga wake uko kila mahali, lakini mchanga huo una kwatsi nyingi, madini ambayo hutanuka ghafla yanapofikia nyuzi 573 na kunywea ghafla yanapopoa kupita hapo. Mchanga wa ufukweni una hatari nyingine zaidi, kwa sababu umechanganyika na vipande vya makombe ya konokono, na makombe ni chokaa. Ponda vigae.

Baada ya kuchanganya, kanda vizuri hadi hewa yote itoke, funga udongo katika nailoni ndani ya kiroba, na uuache upumzike kwa wiki moja au zaidi. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mtiifu mkononi.

Vipimo na umbo la kinara

Kabla ya kufinyanga chochote, tafuta kiasi ambacho udongo wako husinyaa. Sukuma kibamba cha udongo, chora juu yake mstari wa milimita 100, kikaushe, kichome, kisha pima tena. Mstari ukibaki na milimita 90, udongo umesinyaa kwa asilimia 10, nawe utagawanya kila kipimo unachokihitaji kwa 0.9. Mshumaa mdogo wa duara unaouzwa ndani ya kikombe chake cha bati huwa na upana wa milimita 38 hivi, nao unahitaji shimo la milimita 42 ili utoke na kuingia bila kulazimishwa. Kwa hiyo shimo hilo lifinyangwe likiwa na milimita 47 wakati udongo ni mbichi. Mishumaa mirefu ya dukani hutofautiana unene, hivyo nunua pakiti ya ile utakayoitumia, ipime, kisha ukokotoe kwa namna hiyo hiyo.

Umbo ninalolipendekeza kwa kazi ya kwanza ni kinara cha mkebe, yaani mcheduara wenye matundu ubavuni, ambao mshumaa mdogo hukaa ndani yake na mwanga hutokea kwenye matundu. Weka vijiti viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 8 juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, weka donge la udongo katikati yake, na usukume kwa kifimbo cha chapati mpaka kifimbo kilale juu ya vijiti. Kwa njia hiyo kibamba kizima kitakuwa na unene mmoja, na unene usiolingana ni chanzo kikubwa cha mipasuko. Kata mstatili wa kuzungushia kopo la rangi la lita moja lililovikwa gazeti. Kingo zinazokutana zikatwe mshazari ili zilaliane, zichanjwe kwa uma, zipakwe uji mzito wa udongo, kisha zibanwe na kupigwapigwa kwa kijiti bapa. Unganisha kitako kwa namna hiyo hiyo, na umalizie kwa kubandika uzi mwembamba wa udongo kwenye kona ya ndani na kuulainisha kwa kidole. Kopo litolewe mapema, kabla udongo haujaanza kusinyaa, la sivyo utalikumbatia na kupasuka.

Matundu hutobolewa udongo ukiwa nusu mkavu, wakati unaposhikika bila kubonyea lakini bado unakatika kwa kisu bila kumeguka. Tumia vipande vya bomba la bati au vya mrija, kwa sababu tundu la duara husambaza mvuto wa joto pande zote, ilhali pembe kali ya tundu la mraba au la nyota ndipo ufa unapoanzia. Acha angalau sentimita moja na nusu kati ya tundu na tundu. Matundu matatu au manne yawekwe chini kabisa, karibu na kitako, kwa ajili ya hewa ya mshumaa, na mdomo wa juu usiwe na upana wa chini ya sentimita 7; mshumaa ukikosa hewa hutoa masizi na huzimika katika nta yake wenyewe.

Mdomo huo ufikirie pia kwa jicho la koleo. Kinara kitanyanyuliwa kikiwa chekundu, na pahali koleo litakapobana panapaswa kuwa panene kidogo kuliko kwingine na pasiwe na tundu. Wengi hulikumbuka jambo hili wakiwa tayari wamesimama mbele ya tanuri.

Kuhusu mapambo, sioni sababu ya kuagiza mifano kutoka mbali. Vyungu vya Urewe, ambavyo wanaakiolojia wamevifukua pande nyingi za ziwa hili, ikiwemo Katuruka mkoani Kagera, na ambavyo baadhi yake vina umri wa zaidi ya miaka 2000, vimechorwa mifereji sambamba inayozunguka shingo na mabega, na vingine vina kibonyeo kwenye kitako kilichofanywa kwa kidole. Mifereji ya namna hiyo inafaa sana kwa raku kwa sababu ya kiufundi: glezi hujikusanya ndani yake ikawa nzito na yenye nyufa nyingi, na kwenye matuta huwa nyembamba, kwa hiyo moshi huandika mistari miwili tofauti kwa tendo moja.

Kukausha na moto wa kwanza

Kausha polepole, kivulini, mbali na upepo wa ziwani, ambao hukausha upande mmoja wa chombo na kuuacha mwingine na unyevu. Funika kwa gazeti au kipande cha kitenge na ugeuze kila siku. Wakati wa kiangazi, wiki moja hutosha kwa kinara cha milimita 8. Wakati wa masika, hesabu wiki mbili au zaidi. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi kuliko hewa, maji bado yamo.

Hata kinara kinachoonekana kikavu huhifadhi unyevu ndani ya kuta zake. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo chombo kikae saa mbili au tatu katika joto lisilozidi nyuzi 85, tanuri likiwa wazi kidogo, kabla ya moto kuongezwa. Maji yakianza kuchemka ndani ya ukuta na mvuke ukakosa pa kutokea, utasikia mlio, na hutakuwa na kinara. Baada ya hapo ongeza joto kwa nyuzi zisizozidi 100 kwa saa hadi upite 600, kwa sababu katika sehemu hiyo ya safari maji yaliyojifunga ndani ya madini ya udongo hutoka na kwatsi hubadilika. Kutoka 600 unaweza kukaza mwendo hadi 950. Zima, funika kila tundu, na usifungue hadi kesho yake.

Moto wa wazi wa kuni, majani na samadi, unaotumiwa na wafinyanzi wa vyungu, unaweza pia kuchukua nafasi ya moto huu wa kwanza. Haufikii nyuzi 950, na chombo chake huwa laini zaidi, lakini kwa vinara visivyotiwa glezi hilo si kasoro.

Glezi

Wafinyanzi wengi wa Marekani walizoea mchanganyiko wa sehemu 80 za borati ya Gerstley, madini yaliyochimbwa California, na sehemu 20 za nefelini sienaiti, aina ya mwamba uliosagwa, ambao hutoa glezi nyeupe yenye nyufa. Atakayeweza kuagiza friti, yaani kioo kilichoyeyushwa na kusagwa kwa ajili ya glezi, au glezi iliyokwisha tayarishwa kwa joto la nyuzi 950 hadi 1000 na afanye hivyo, kwa kuwa itampunguzia majaribio mengi.

Asiyeweza anayo boraksi karibu naye. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kanda hii huitumia kuyeyushia, na wauzaji wa vifaa vya uchenjuaji wanaiuza kwa kilo. Nunua iliyofungwa, na usikubali kupimiwa kwa chombo kilichowahi kushika zebaki. Kianzio cha majaribio ni hiki, kwa uzito: sehemu 60 za unga wa chupa za kioo, sehemu 30 za boraksi na sehemu 10 za kaolini, udongo mweupe ambao hapa nchini unajulikana sana kutokana na vilima vya Pugu. Chupa zisizo na rangi zipashwe moto hadi ziwe nyekundu, zitumbukizwe majini zikiwa katika ndoo ya chuma ili zichanike, kisha zisagwe zikiwa na maji, wala si kavu, na msagaji avae barakoa na miwani. Vumbi la kioo likikaa mapafuni halitoki. Kwa kuwa boraksi huyeyuka majini na baadaye hujigandisha upya chini ya ndoo, changanya kiasi cha siku hiyo tu, na uvae glavu, kwani huunguza ngozi yenye michubuko. Mchanganyiko huu ujaribiwe kwenye vibamba kabla ya kuugusa kinara. Ukibaki na chembechembe, ongeza boraksi kidogo, na ukitiririka, ongeza kaolini.

Risasi ya betri chakavu isitumike kamwe, hata kama mtu atakuambia kuwa huyeyusha vizuri. Huyeyusha vizuri kweli, na ni sumu.

Anayetaka mng'ao wa shaba aongeze asilimia 3 hadi 5 ya oksidi ya shaba, ile magamba meusi yanayobanduka waya wa shaba ulioganduliwa plastiki yake unapopashwa moto hadi uwe mwekundu na kuchovywa majini. Binafsi naipenda glezi nyeupe zaidi. Rangi za shaba, ambazo hutoka tanurini na wekundu, ubuluu na dhahabu, hufifia kwa miezi na miaka kadiri shaba inavyokutana tena na oksijeni ya hewa, ilhali nyufa nyeusi juu ya weupe hazibadiliki.

Glezi iwe na uzito wa mtindi mwepesi. Kabla ya kupaka, sugua kipande cha mshumaa kwenye kitako na kwenye sehemu zote unazotaka zibaki bila glezi. Nta itaikataa glezi, itaungua motoni, na sehemu hizo zitatoka nyeusi tii. Paka mikono miwili au mitatu kwa brashi laini, kisha uache kinara kikauke mpaka kisionyeshe hata doa la unyevu.

Tanuri

Pipa la lita 200 lililokatwa nusu, likavishwa kwa ndani blanketi la nyuzi za kauri lenye unene wa milimita 50, hutosha kwa vinara vitatu au vinne kwa mkupuo. Fundi wa kuchomelea atoboe tundu la kichomeo chini ubavuni na tundu la moshi la upana wa sentimita 10 juu, na aweke mishikio miwili mirefu, kwa kuwa tanuri hili halina mlango: hunyanyuliwa lote kutoka juu ya vyombo. Nyuzi za blanketi hilo zinawasha na zinadhuru mapafu, hivyo zikatwe nje, kwa barakoa. Tumia mtungi wa gesi wa kilo 15, kwani ule wa kilo 6 hupoa sana na kupungukiwa nguvu gesi inapotoka kwa kasi kwa muda mrefu. Mtungi usimame wima, mbali na tanuri kwa urefu wa mpira wote. Koleo lichongwe kwa nondo, lenye urefu usiopungua mita moja, na ncha zake zipindwe kufuata mviringo wa kinara.

Moto wa pili na moshi

Chagua asubuhi mapema. Upepo kutoka ziwani huanza kadiri nchi kavu inavyopata joto, na alasiri unaweza kuipeperusha miali ya pipa la moshi hadi mahali usipotaka. Tena mwanga hafifu wa alfajiri hukuwezesha kuisoma rangi ya moto kwa macho. Usifanye kazi hii katika mitaa ya milimani ambako nyumba zimebanana juu ya mawe. Tafuta kiwanja wazi pembezoni mwa mji, upande wa Kisesa au Buhongwa kwa mfano, na umtaarifu mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu moshi utaonekana mbali na watu watakimbilia huko na ndoo.

Vaa nguo za pamba, si za nailoni. Viatu vilivyofunika mguu. Glavu ndefu za ngozi kama za mafundi wa kuchomelea. Na kinga ya uso. Ndoo mbili za mchanga na mbili za maji ziwe karibu. Watoto wasiwepo.

Pasha vinara polepole kwa robo saa ya kwanza, kisha ongeza gesi. Chungulia kupitia tundu la juu, uso ukiwa pembeni. Glezi itapitia hali tatu: kwanza hubaki kavu na kufifia, kisha huvimba malengelenge na kuonekana chafu, na hapo ndipo wasio na subira huzima wakidhani imeharibika, halafu malengelenge hushuka, uso hutulia na kuanza kung'aa. Joto likiwa karibu na nyuzi 950, ndani yote huwa na rangi ya chungwa. Pitisha ncha ya nondo mbele ya kinara: ukiona taswira ya nondo ikitembea juu ya glezi, imeiva. Mkupuo wa kwanza huchukua saa moja hivi, na inayofuata nusu ya hapo.

Zima gesi. Mmoja anyanyue tanuri, wa pili awe na koleo, na wa tatu ashike kifuniko cha pipa la moshi, na wakubaliane mapema nani anasema nini, kwani hakuna muda wa mashauriano. Bana kinara kwenye mdomo ule ulioukaza, kitoe, na kwa glezi ya nyufa ukiache hewani kwa sekunde 10 hadi 20. Utasikia milio midogo, ya juu, ikifuatana kwa haraka. Hiyo ni glezi inayochanika kwa kuwa inanywea kuliko udongo ulio chini yake. Milio ikishika kasi, kiweke ndani ya pipa juu ya tabaka la sentimita 10 la vumbi la mbao, mwagia gao jingine juu, acha miali ipande kwa sekunde chache, kisha funika na uzungushie mchanga mbichi kwenye ukingo wa kifuniko. Moto ukikosa hewa hutoa moshi mzito wa kaboni, ambao huingia katika kila ufa na kuupaka weusi udongo usio na glezi. Ukiipokonya glezi ya shaba oksijeni yake, shaba hurudi kuwa metali. Acha dakika 20 bila kufungua, hata kama umati unaomba.

Vumbi la mbao laini huungua haraka na kutoa nyufa nyeusi sana. Pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa huzitupa kwa marobota, huungua polepole na kuacha madoadoa ya kijivu, kwa sababu zina silika nyingi. Nazipenda zikichanganywa nusu kwa nusu. Inafaa kujua kwamba moshi huu si wa asili ya raku: vyombo vya kwanza, vilivyofinyangwa na Chōjirō mjini Kyoto, Japani, katika karne ya 16 kwa ajili ya chai ya Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe za chai, vilitolewa tanurini vikapozwa hewani tu, na pipa la majani makavu liliingizwa na mfinyanzi Mmarekani Paul Soldner mwaka 1960. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayejaribu majani ya mwembe au mabua ya mtama havunji mwiko wowote.

Baada ya pipa, wengi hutumbukiza chombo majini ili rangi zishike. Kwa kinara chenye matundu sishauri. Kiache kipoe juu ya matofali, kisha kisuguliwe kwa dodoki na sabuni hadi masizi yaondoke.

Upo pia utaratibu usiohitaji glezi wala pipa. Kinara kilichosuguliwa kwa kokoto laini ya ufukweni udongo ukiwa nusu mkavu, hadi kikang'aa, hupashwa moto hadi nyuzi 700 hivi na kutolewa. Mara moja hulazwa juu yake nywele za mkia wa ng'ombe, moja moja, na manyoya ya kuku. Unywele hujikunja ukigusa udongo, huungua papo hapo na kuacha mstari mweusi mwembamba uliopinda jinsi ulivyojikunja. Unyoya huacha kivuli cha kahawia chenye uti katikati. Udongo ukiwa moto mno alama hufutika, na ukiwa umepoa nywele hunata tu. Una dakika moja au mbili za kufanya kazi, na harufu yake haitasahaulika mtaani.

Kinara nyumbani

Kitako kibandikwe vipande vya ngozi au kitambaa kizito ili kisikwaruze meza. Kinara kisicho na glezi kipakwe nje nta ya nyuki kikiwa vuguvugu na kusuguliwa kwa kitambaa, ambayo huzuia alama za vidole na kuupa weusi kina, ndani kisipakwe. Mshumaa usio na kikombe cha bati uwekewe mchanga mkavu wa kina cha sentimita moja chini yake, ambao utapokea nta iliyoyeyuka kabla haijapenya kwenye vinyweleo. Umeme ukikatika, kinara kisiwekwe karibu na chandarua wala pazia, na kisiachwe kikiwaka chumba kikiwa hakina mtu. Nta iliyoganda juu ya glezi haitolewi kwa kisu: mimina maji ya moto kwenye bakuli pana, kisimamishe kinara nje ya maji ili kipate mvuke kwa dakika chache, kisha ifute nta kwa karatasi ingali laini.